Kusoma Mawingu si Kudai Ghaibu: Tuwafundishe Watoto Wetu Elimu ya Hali ya Hewa

Baada ya taarifa ya habari ya usiku husomwa utabiri wa hali ya hewa. Mtangazaji hutaja mikoa, mmoja baada ya mwingine: hapa mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua, pale ngurumo za radi, na kwa watumiaji wa bahari, upepo mkali na mawimbi makubwa. Katika nyumba nyingi huu ndio wakati ambao mazungumzo huanza na vyombo vya chakula hukusanywa. Lakini hutokea siku ambayo mtoto aliyetoka madrasa jioni ile akasikiliza kwa makini kuliko wakubwa, kisha akauliza: "Baba, ustadhi ametufundisha kuwa ajuaye mvua itanyesha lini ni Mwenyezi Mungu peke yake. Sasa huyu wa redioni amejuaje?"

Swali hili si utovu wa adabu. Ni swali la mtoto aliyeshika somo lake vizuri, akakutana na jambo lisiloonekana kuafikiana nalo. Wazazi wengi huwa tunalijibu kwa mojawapo ya njia tatu. Wapo wanaomnyamazisha: "Usihoji mambo ya dini." Wapo wanaodharau utabiri: "Hao waongo tu, juzi walisema mvua na hatukuona hata tone." Na wapo wanaoona wametumia hekima kwa kusema: "Hayo ni mambo ya shule, na yale ni ya madrasa."

Majibu yote matatu yana hasara. La kwanza linamfundisha mtoto kwamba imani inaogopa maswali. La pili linamzoesha kupuuza tahadhari ambayo siku moja inaweza kuokoa maisha yake. La tatu, ambalo linaonekana jepesi, ndilo baya zaidi, kwa sababu linaigawa akili ya mtoto vyumba viwili na kufunga mlango wa katikati. Atakua akiamini kwamba akili yake ni ya darasani na moyo wake ni wa msikitini, na kwamba viwili hivyo havina la kuzungumza.

Makala haya yanajaribu kutafuta jibu la nne. Tunaamini kwamba kumfundisha kijana wa Kiislamu kuitazama anga, kupima, kuandika, kuchambua na kisha kukadiria hali ya hewa ya kesho hakuigusi itikadi yake kwa ubaya. Kukifanywa vizuri, kunamfundisha tofauti kati ya elimu ya mja na elimu ya Mola wake kwa njia ambayo maneno matupu hayawezi.

Neno moja, kazi mbili

Sehemu ya tatizo imo ndani ya lugha yetu. Kiswahili kimelitumia neno "utabiri" kwa kazi mbili zisizofanana. Mpiga ramli anayemwambia mteja wake ataolewa na nani huitwa mtabiri. Mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) anayesema kesho kuna uwezekano wa mvua kubwa ukanda wa pwani, naye kazi yake huitwa utabiri. Mtoto anayesikia neno moja ana haki ya kudhani kuwa ni jambo moja.

Tofauti yake ni kubwa. Mpiga ramli hana kipimo anachokionyesha wala njia ambayo mwingine anaweza kuifuata na kuhakiki. Anadai kujua. Mtaalamu wa hali ya hewa anaanza na vitu vinavyoonekana na kupimika: joto, unyevunyevu, mgandamizo wa hewa, kasi na mwelekeo wa upepo, picha za mawingu kutoka kwenye setelaiti. Anajua, kwa uzoefu na kwa kanuni za fizikia, kwamba vitu hivyo vikikutana kwa namna fulani, kwa kawaida hufuatiwa na jambo fulani. Halafu anasema "uwezekano". Mama anayeona vipovu vidogo vikipanda kutoka chini ya sufuria na kusema maji yatachemka punde hajadai ghaibu. Amesoma sababu, akatarajia matokeo. Mtaalamu naye amesoma sufuria iliyo kubwa zaidi.

Aya ya 34 ya Surat Luqman inataja mambo ambayo elimu yake kamili iko kwa Mwenyezi Mungu (SW), na kuteremsha mvua kumo ndani yake. Kadhalika imepokewa katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kwamba asubuhi moja kule Hudaybiya, baada ya mvua iliyonyesha usiku, Mtume Muhammad (SAW) aliwafahamisha Masahaba kwamba anayesema amenyeshewa kwa fadhila na rehema za Mwenyezi Mungu amemwamini Yeye, na anayeinasibisha mvua na nyota fulani ameiamini nyota. Onyo hili ni zito na halina budi kufundishwa. Lakini linahusu kuitoa mvua mikononi mwa Muumba na kuipa nyota. Halihusu kuona wingu jeusi na kuanua nguo. Wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, wameeleza kwamba makadirio ya hali ya hewa yaliyojengwa juu ya mambo yanayohisiwa na kupimwa hayaingii katika kudai ghaibu.

Na ni sayansi yenyewe inayokiri mpaka wake. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, Edward Lorenz, alionyesha kwamba katika mfumo kama wa angahewa, kosa dogo mno katika kipimo cha mwanzo hukua na kukua hadi likaharibu hesabu yote. Kutokana na kazi hiyo na zilizofuata, wataalamu wanakubali kwamba hata kwa kompyuta bora, utabiri wa siku kwa siku hauna nguvu ukivuka takriban wiki mbili. Mwanafunzi anayelijua hilo hatatamka "inshaallah" kama desturi ya ulimi tu. Atakuwa anajua anachokikiri.

Mtume (SAW) na anga

Ni vyema pia mtoto ajue kwamba kuitazama anga si jambo lililoletwa na shule. Bibi Aisha (RA) amesimulia kwamba Mtume (SAW) alipoona wingu zito au upepo mkali, athari ilionekana usoni mwake. Aliingia na kutoka, akaenda na kurudi, na mvua iliponyesha ndipo alipotulia. Alipoulizwa, alikumbusha habari za kaumu ya Adi, ambao Surat Al-Ahqaf inasimulia kwamba waliliona wingu likielekea mabonde yao wakafurahi kuwa ni la mvua, kumbe ndani yake ulikuwamo upepo wa adhabu. Adi walitazama wingu wakiwa na yakini na kiburi. Mtume (SAW) alilitazama akiwa na khofu, tumaini na dua. Macho yalitazama kitu kimoja, lakini mioyo haikuwa sawa.

Fiqhi yetu nayo haikuiacha hali ya hewa. Katika joto kali imependekezwa kuichelewesha Adhuhuri hadi joto lipungue. Katika usiku wa baridi na mvua, waadhini aliamrishwa kuwatangazia watu waswali majumbani mwao. Mvua ikikosekana kuna Swala ya kuomba mvua, na ikizidi hadi ikadhuru, kuna dua ya kuomba ielekezwe kandokando, milimani na mabondeni. Muislamu anayetekeleza dini yake hawezi kuwa mtu asiyejua upepo unatoka wapi.

Na Qur'ani inaurejesha mara nyingi mtazamo wetu huko. Aya ya 164 ya Surat Al-Baqara inahesabu mgeuko wa pepo na mawingu kuwa miongoni mwa ishara kwa watu wenye kutumia akili. Aya ya 48 ya Surat Ar-Rum inaeleza hatua kwa hatua: pepo zinatumwa, zinayatimua mawingu, yanatandazwa, yanakuwa mapande, kisha mvua inaonekana ikitoka kati yake. Mwalimu wa sayansi anayefundisha namna mvua inavyofanyika na ustadhi anayefafanua aya hii wangeweza kukaa katika chumba kimoja bila kugombana.

Wazee wetu walihesabu

Elimu hii si ngeni kwa pwani yetu. Wazee waliofunga Ramadhani kwa kuandama mwezi walijua fika kwamba mwezi hauwezi kuwaonyesha masika. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa kiasi cha miaka 33. Mkulima akipanda mpunga kwa kufuata Shaabani atakosa mavuno baada ya miaka michache. Kwa hiyo, pembezoni mwa kalenda ya ibada, waliweka mwaka wa jua wa siku 365 unaoanzia Nairuzi, na siku zake wakazigawa katika makumi. Kila kumi likaitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360, na siku 5 zinabaki. Tunao mjadala wetu kuhusu mila zinazofanywa siku ya Mwaka, na hapa si mahali pake. Tunachozungumzia ni hesabu: mwongo fulani ni wa kupanda, mwongo fulani chombo kisitoke.

Mabaharia nao walikuwa na darasa lao. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Oman na Ghuba. Kusi, inayotawala katikati ya mwaka, ndiyo iliyoyarudisha. Nahodha na mwanachuoni wa karne ya 15, Ahmad bin Majid, aliandika juu ya pepo hizi, majira yake na nyakati zifaazo kwa safari katika Bahari ya Hindi. Neno letu "msimu" lenyewe limetokana na neno la Kiarabu "mausimu", na ndilo lililozaa jina ambalo mataifa ya Ulaya yanaziita pepo hizi mpaka leo.

Wazee hao hawakuwa wapiga ramli. Walitazama, wakakumbuka, wakalinganisha, wakarithisha. Kilichopungua kwao ni vyombo vya kupimia na daftari. Hivi viwili tunavyo.

Kituo cha hali ya hewa uani

Somo la hali ya hewa limo katika mitaala ya shule zetu, lakini mara nyingi hubaki ubaoni: mwanafunzi huchora kipimamvua bila ya kukishika. Tunapendekeza kila madrasa, kila shule ya Kiislamu, na hata kila familia yenye ua mdogo, ianzishe kituo chake. Gharama ni ndogo.

Kianze kipimamvua. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikate sehemu ya juu pale inapoanza kuwa nyembamba, kisha kipande hicho kigeuzwe kichwa chini na kuingizwa mdomoni mwa chupa kama mrija wa kumiminia. Weka mawe madogo chini ili isiangushwe na upepo, mimina maji hadi yafunike mawe, na hapo piga mstari: huo ndio sifuri. Bandika rula kwa nje. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi, mtoto asome ni milimita ngapi, aandike, kisha amwage na kurejesha maji kwenye sifuri.

Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Hapo hesabu ya darasani inapata uhai. Ikiwa paa la madrasa lina mita za mraba 100, na usiku zimenyesha milimita 20, paa hilo limepokea lita 2,000. Muulize mwanafunzi: maji hayo yangetosha udhu wa watu wangapi, na yalikwenda wapi? Wapo waliojenga tangi la kuvunia mvua baada ya swali kama hilo.

Cha pili ni kipimajoto. Kiwekwe kivulini, urefu wa kifua cha mtu mzima kutoka ardhini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa. Kikipigwa na jua kitapima joto la jua juu ya kioo, si joto la hewa.

Cha tatu ni kielekezi cha upepo: mshale wa karatasi ngumu juu ya pini, au hata utepe mwepesi kwenye mti mrefu. Hapa msikiti unatusaidia. Makka iko karibu kwenye longitudo ileile na Dar es Salaam na Unguja, hivyo kwa wakazi wa huko kibla kinakaribia sana kaskazini halisi. Kila msikiti ni dira. Upepo huitwa kwa jina la utokako, si uendako. Kwa hiyo anayesimama kuswali akielekea kibla, kaskazi humjia usoni kwa upande wa kulia, na kusi humjia mgongoni. Mtoto akishaelewa hivyo hatasahau.

Cha nne hakinunuliwi: macho. Afundishwe kutofautisha mawingu membamba ya juu kama manyoya, mawingu ya mafungu kama pamba, mawingu ya tabaka yanayofunika anga kama shuka, na lile wingu refu lenye kichwa kilichotandazika kama fuawe la mhunzi, ambalo hubeba radi na mvua ya ghafla. Aandike pia aonavyo: moshi unapanda wima au umelala, majani yanatikisika au matawi mazima yanayumba.

Kutoka kipimo hadi makadirio

Kupima ni mwanzo tu. Daftari la mwezi mmoja likishajaa, kazi ya uchambuzi inaanza. Mwalimu aulize: siku zilizonyesha, upepo ulitoka wapi siku iliyotangulia? Mawingu ya asubuhi yalikuwaje? Joto la jana lilipanda kiasi gani?

Wanafunzi wa pwani wataona haraka kwamba upepo hubadilika kwa saa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya baharini huja kuchukua nafasi. Usiku nchi kavu hupoa upesi na mambo yanageuka. Upepo huo wa alfajiri utokao bara, ambao wavuvi huuita umande, ndio unaozisukuma ngalawa kwenda kuvua, na ule wa baharini huzirudisha mchana. Mjukuu wa mvuvi atagundua kwamba kitabu chake cha jiografia kinaeleza kile ambacho babu yake alikijua kwa ngozi ya uso.

Watajifunza pia kwamba majira yetu yanafuata jua. Ukanda wa mvua, ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hupanda na kushuka kulifuata jua likivuka ikweta. Ndiyo sababu pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Viktoria hupata mvua mara mbili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, ilhali mikoa ya kati na kusini hupata msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Mtoto wa Tanga na binamu yake wa Songea wakilinganisha madaftari, wataliona jambo hili bila ya kulikariri.

Kisha lije zoezi lenyewe. Kila siku baada ya Alasiri, kila mwanafunzi aandike mambo matatu kuhusu kesho: itanyesha au haitanyesha, upepo utatoka wapi, joto litakuwa juu au chini ya la leo. Na mbele ya kila moja aandike sababu. Asiyekuwa na sababu asiandike. Baada ya hapo wasikilize taarifa ya TMA na kulinganisha. Kesho yake daftari litahukumu.

Kukosea kwa uaminifu

Hapa ndipo malezi yanapoingia. Kesho yake wengi watakuwa wamekosea, na watatamani kufuta. Mwalimu awakataze. Kilichoandikwa kibaki, na kosa liandikwe pembeni kwa wino. Kalamu hiyo ni amana. Mtoto anayezoea kuandika "nilikosea" akiwa na miaka 11 ana nafasi nzuri ya kuwa mfanyabiashara, hakimu au kiongozi atakayelitamka neno hilo akiwa na miaka 50.

Kuna somo lingine lililojificha. Tuseme katika siku 30 mvua ilinyesha siku 6. Mwanafunzi mvivu aliandika kila siku "haitanyesha". Amepatia mara 24 kati ya 30, asilimia 80! Mwenzake aliyejitahidi alizitaja siku 5 kati ya zile 6 za mvua, lakini pia alitangaza mvua siku 5 ambazo hazikunyesha. Amepatia mara 24 vilevile. Je, wako sawa? Waulizeni wanafunzi: ungekuwa na mpunga umeanikwa, au mtoto wako amepanda ngalawa, ungemsikiliza yupi? Wa kwanza hakuionya familia hata mara moja. Wa pili aliwasumbua mara 5 bure, akawaonya mara 5 kwa haki. Wataelewa kwamba makosa hayana uzito mmoja, na kwamba kumcheka mtu aliyetuonya kisha hatari ikapita pembeni si uungwana wala si busara.

Gharama ya kupuuza

Haya si mambo ya daftari pekee. Pwani yetu ina kumbukumbu zake. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi ya Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu kwa wingi. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Wakati huo hapakuwa na setelaiti ya kumwonya yeyote. Julai 18, 2012, wakati wa kusi, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Kisiwa cha Chumbe katika bahari iliyochafuka, na familia nyingi, za bara na visiwani, zikaingia msibani siku chache kabla ya Ramadhani. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mwanzoni mwa Mei 2024 mambo yalikuwa tofauti. Kimbunga Hidaya kilipokuwa bado baharini, TMA ilikuwa ikikifuatilia na kutoa taarifa. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na wavuvi wakatakiwa wasitoke. Mei 4 kilifika eneo la Mafia, kisha kikadhoofika. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye hakuona alichokitarajia angeweza kusema, "Mbona hakikuja?" Lakini kusini mvua zilikuwa kubwa hadi barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga. Aliyekuwa Kilwa hakuuliza swali hilo.

Ndiyo maana kila nyumba inapaswa kuzijua daraja za maonyo yanayotolewa: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Mtoto aliyewahi kutoa makadirio yake mwenyewe na kukosea ndiye atakayeelewa vizuri maana ya neno "uwezekano", wala hatalifanya kuwa kisingizio cha kupuuza. Na wakati wa ngurumo afundishwe kuhesabu: aanze sekunde anapoona mwanga, aishie anaposikia sauti, kisha agawanye kwa 3. Jibu ni umbali wa radi kwa kilomita. Zisipofika sekunde 30, mchezo wa mpira uishe na watu waingie ndani, wala asibaki mtu chini ya mwembe.

Kuchukua hadhari hakupunguzi tawakkul. Mtume (SAW) alimwelekeza mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake kwamba amfunge kisha ategemee. Nabii Yusuf (AS), baada ya Mola wake kumfunulia tafsiri ya ndoto ya mfalme, hakuishia kutangaza kwamba ukame unakuja. Alipanga namna ya kuhifadhi nafaka katika miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya dhiki. Utabiri usiofuatwa na ghala ni maneno tu.

Tuanzie wapi

Tunaziomba kamati za madrasa zitenge nusu saa kwa wiki, ustadhi na mwalimu wa sayansi wakae pamoja mbele ya wanafunzi wale wale. Ustadhi aanze na aya za pepo na mawingu, mwalimu amalizie na daftari. Wazazi nao wamwachie mtoto jukumu la kutangaza hali ya hewa ya kesho pale sebuleni, pamoja na sababu zake, kabla redio haijasema.

Na tusiwasahau mabinti. Dkt. Agnes Kijazi aliiongoza TMA kwa miaka mingi na akashika nafasi ya uongozi katika Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kipo Kigoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya fani hii. Hatuoni kwa nini wasiwemo humo vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, walioanza na chupa ya plastiki uani.

Turudi sasa kwa mtoto aliyeuliza. Jibu la nne ni hili: "Mwanangu, ustadhi wako amesema kweli. Mwenyezi Mungu anajua kila tone, litaanguka wapi na lini, bila kukadiria na bila kukosea. Huyu wa redioni hajui hivyo. Ametazama alama ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka, akakadiria, na anaweza kukosea. Ametuambia ili tujihadhari. Kesho asubuhi tutakwenda mimi na wewe kutazama alama hizo, na utaniambia unaonaje."

Na mvua ikinyesha, kabla hajakimbilia kwenye kipimamvua chake, afundishwe kuomba iwe mvua yenye manufaa, na aachwe asimame kidogo ainyoshee mkono, kwani Mtume (SAW) alikuwa akiacha wazi sehemu ya mwili wake imguse, kwa kuwa imetoka punde kwa Mola wake. Kisha asome milimita, aandike.

Wabillahi tawfiq.